Kufufua kitako cha mbao cha bunduki ya kuwindia

Bunduki nyingi zinazorudi Arusha kutoka porini mwisho wa msimu huwa na kasoro zilezile: shavu (pale uso unapoegemea) limepauka kwa jasho, mkono wa mbele (mbao iliyo chini ya mtutu) umekwanguliwa na rafu ya gari, shingo (pale pembamba pa kushikia, nyuma ya triga) imekuwa nyeusi kwa mafuta, na vanishi imebanduka magamba karibu na vishikio vya mkanda. Mwenye bunduki humpa seremala kitako apige msasa na vanishi mpya. Kitako hung'aa, lakini msimu unaofuata risasi zinapiga pembeni ya shabaha.

Chanzo mara nyingi ni kwamba kilipakwa nje tu. Mbao hunywa na kutoa unyevu kwa kasi zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa: chini ya mpira wa begani, kwenye tundu la magazini, na ndani ya matundu ya skrubu. Mfereji wa mtutu nao mara nyingi huachwa mtupu. Upande mmoja ukizibwa na mwingine ukaachwa wazi, mbao hujipinda, mkono wa mbele unausukuma mtutu, na mahali risasi inapopiga panahama. Hapa kwetu mabadiliko hayo ni makali. Kitako kinakaa kabatini Tengeru au Machame masika nzima, Machi hadi Mei, kikinyonya unyevu. Julai kinapelekwa Longido au Simanjiro ambako hewa ni kavu na vumbi linapenya kila mahali. Kwa hiyo katika kazi hii sehemu zisizoonekana zipewe uangalifu uleule unaopewa shavu.

Panga muda vizuri. Kazi yenyewe huchukua wiki mbili hadi tatu kwa sababu ya kusubiri kukauka, halafu mafuta yanahitaji wiki tatu au nne nyingine ili yawe magumu kweli. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu na yenye joto, ndiyo miezi mizuri ya kuanza. Anayeanza Juni, Arusha ikiwa na baridi na ukungu, atakwenda porini na kitako ambacho bado ni laini kwa ndani.

Kwanza silaha, kisha mbao

Toa magazini, fungua bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho kisha hakikisha kwa kidole. Toa bolti kabisa. Tanzania silaha inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wajibu wa kuitunza ni wa mwenye leseni, kwa hiyo usiiache bunduki nzima kwa seremala hata kwa saa moja. Kazi yoyote ya chuma ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Kazi ya mbao unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, mtutu na mashine (sehemu ya chuma inayobeba bolti) vikiwa vimefungiwa kwenye kabati la chuma.

Skrubu za bunduki zina mfuo mwembamba wenye kuta zilizosimama wima. Bisibisi la kawaida la dukani limechongwa kama kabari, hivyo huruka na kukwaruza chuma na mbao kwa pamoja. Lipige tupa ncha mpaka liingie mfuoni bila kucheza, upana wake ukilingana na kichwa cha skrubu. Toboa kipande cha boksi, chomeka kila skrubu mahali pake na uandike jina lake. Skrubu ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazina urefu sawa, na ndefu ikiingizwa tundu la mbele inaweza kugusa bolti na kuizuia kwenda.

Ondoa mpira au bamba la begani, vishikio vya mkanda, kinga ya triga na kifuniko cha chini ya shingo kama kipo. Ukikuta namba zimegongwa ndani ya mbao, kama ilivyo kwa bunduki nyingi za zamani za Mauser, ziache kama zilivyo. Msasa usifike hapo.

Jua kilichopakwa kabla ya kukitoa

Chagua mahali padogo palipofichika chini ya mpira wa begani. Weka tone la spiriti: kama rangi inalainika na kunata, hiyo ni shelaki. Isipolainika, jaribu thina ya laka; ikiyeyuka, ni laka. Ikikataa kabisa na kubaki ngumu kama kioo, ni poliurethani au kitu cha jamii hiyo, kama kwenye bunduki nyingi za kiwandani za Remington. Isipoonekana ngozi yoyote juu ya mbao, basi kitako kilipakwa mafuta tu, na kazi yako ni nyepesi.

Shelaki na laka hutoka kwa kimiminika chake na kitambaa. Poliurethani inahitaji dawa ya kuondolea rangi, ile nzito kama uji. Fanyia nje, upepo ukiwa nyuma yako, ukiwa na glavu zinazohimili kemikali na miwani. Dawa hiyo inaunguza ngozi na mvuke wake ni hatari chumbani. Paka kwa unene, funika na karatasi ya nailoni isikauke, subiri dakika 20 hadi 30, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki au cha mbao. Kisu kinachimba. Kwenye nakshi za mshiko (mistari iliyochongwa ili mkono usiteleze) tumia mswaki wa zamani, ukifuata mistari yake.

Wapo wanaotumia magadi ya kufanyia sabuni. Rangi inatoka kweli, lakini walnati, mbao ya vitako vingi, hugeuka nyeusi, nyuzi zinafumuka, na uso unabaki kama manyoya. Hiyo ni hasara usiyoweza kuirudisha.

Mafuta yaliyozama shingoni

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama. Bunduki inayohifadhiwa imesimama mtutu juu huteremsha mafuta ya kusafishia kutoka kwenye mashine mpaka kwenye mbao, miaka nenda rudi. Shingo inakuwa nyeusi na laini, na ukiikwaruza kwa ukucha inaingia. Ukipaka juu ya mbao hiyo, vanishi haishiki. Ukigundisha ufa uliolowa mafuta, gundi itaachia kwa teke la kwanza, yaani bunduki inaporudi nyuma ikipigwa.

Mafuta hutolewa kwa unga wa chaki na asetoni. Kinachotakiwa ni unga mweupe wa chaki uliosagwa. Chokaa ya kujengea haifai kabisa, kwa sababu ni kali na itaichoma walnati. Changanya unga na asetoni mpaka iwe kama mtindi mzito, paka sehemu nyeusi kwa unene wa milimita 3 hivi, ndani na nje, kisha acha kitako juani. Asetoni inayalegeza mafuta, jua linayapandisha, na unga unayanyonya. Baada ya saa mbili au tatu unga utakuwa umegeuka njano au kahawia. Ufute kwa brashi kavu na urudie. Shingo iliyolowa sana inaweza kutaka mara sita au zaidi. Acha pale unga unapobaki mweupe. Asetoni inashika moto haraka sana, kwa hiyo jiko la mkaa, sigara na moto wowote viwe mbali.

Kupima kitako kwa mizani ya jikoni kunasaidia sana. Kipime kabla ya kuanza, kisha kila siku baada ya kutoa mafuta. Uzito ukikaa palepale siku tatu mfululizo, mbao imetulia na unaweza kuendelea.

Mibonyeo na nyufa

Mbonyeo na mkato si kitu kimoja. Pale nyuzi zilipobonyezwa bila kukatika, maji na joto huziinua. Kunja kitambaa cha pamba kilicholowa mara mbili, kiweke juu ya mbonyeo, kisha gusa kwa ncha ya pasi ya moto sekunde tano hadi kumi. Utasikia mvuke unachemka. Lowesha tena na urudie. Mbonyeo wa rafu ya gari mara nyingi hupanda kwa mara tatu au nne. Usikaushe kitambaa juu ya mbao, maana utaacha alama ya kuungua. Pale nyuzi zilipokatika mvuke utasaidia kidogo tu, na kitakachobaki kijazwe kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyohiyo. Kovu lisilonasa nguo na lisilodhoofisha mbao ni bora liachwe. Ukilifuata kwa msasa mpaka liishe utakuwa umechimba bonde.

Ufa ni jambo zito zaidi. Angalia sehemu mbili kwa taa kali: nyuma ya mkia wa mashine, pale chuma kinapoishia juu ya shingo, na ukuta mwembamba kati ya tundu la magazini na la triga. Bunduki zenye teke kubwa, kama zile za risasi nzito aina ya .375 H&H na .458 Winchester Magnum, hupasua hapo kwanza. Mashine ikirudi nyuma, jino la chini ya chemba ndilo linalopaswa kupokea teke lote na kulisukuma kwenye mbao pana. Jino hilo likikosa kukaa sawasawa, mkia ndio unaogonga mbao, na kwa kuwa ni mwembamba unaingia kama kabari. Kwa hiyo kuziba ufa bila kuondoa mgongano huo ni kazi bure.

Safisha ufa kwa asetoni ukitumia bomba la sindano, acha ukauke siku nzima. Tumia epoksi ya chupa mbili inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika tano haina nguvu ya kutosha na huganda kabla haijaingia. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ili gundi iwe nyepesi. Panua ufa kidogo kwa kabari ya mbao, ingiza gundi kwa bomba, na piga pumzi kutoka upande wa pili mpaka uione inatokeza. Ondoa kabari, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa na kuzungushwa mara nyingi. Jiliwa la chuma linabana sehemu moja tu. Tyubu inabana sawasawa kufuata mduara wa shingo. Futa gundi iliyotoka kabla haijaganda.

Ufa mrefu, au wa bunduki yenye teke kubwa, uongezewe pini. Toboa tundu la milimita 3 hadi 4 linalokatisha ufa kwa ndani, mahali patakapofunikwa na chuma, ingiza fito ya shaba nyeupe yenye meno ya skrubu iliyopakwa epoksi, na ikate chini ya uso wa mbao. Kisha kwa patasi kali punguza mbao nyuma ya mkia ili kubaki nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Nafasi hiyo inaonekana kama kasoro, na mafundi wasioijua huiziba. Iachwe wazi. Kama jino la chini ya chemba halikai vizuri, mpe fundi wa silaha aliwekee kitanda cha epoksi kabla hujapaka chochote.

Msasa

Usitumie mashine ya msasa. Inazungusha kingo, na kingo za kitako ndizo zinazokaa sambamba na chuma. Tumia mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kipande bapa cha mbao au mpira mgumu. Kwenye mikunjo ya shavu zungushia kipande cha bomba la mpira. Kwenda ni kufuata nyuzi daima.

Anza na namba 150, au 120 kama uso umeharibika sana, halafu 180, 220 na 320. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya 120 haitoki kwa 320 na itajitokeza pale mafuta yatakapoingia. Rudisha bamba au mpira wa begani mahali pake wakati wa kupiga msasa eneo lile, ukiufunika na tepu ya karatasi, ili mbao isishuke chini ya usawa wake. Karibu na mkia, kinga ya triga na mfereji wa mtutu gusa kwa namba 320 tu, mara chache. Mbao inapaswa kuwa juu ya chuma kwa unene wa karatasi. Ikishuka chini ya chuma hakuna dawa ila kitako kipya. Nakshi za mshiko zizungushie tepu na zisiguswe kabisa.

Baada ya 220, lowesha kitako chote kwa kitambaa chenye maji, kikaushe kwa upepo, na utaona nywele za mbao zimesimama. Zipunguze kwa msasa mpya wa 320, mguso mwepesi. Rudia mpaka maji yasiinue kitu, kwa kawaida mara tatu. Hatua hii ikirukwa, mvua ya kwanza porini ndiyo itakayoinua nywele hizo, na kitako kitakuwa kikavu na chenye miiba ukiwa mbali na nyumbani.

Walnati haihitaji rangi. Biichi, ile mbao nyeupe ya Ulaya inayotumika kwenye vitako vya bei nafuu, inaweza kupakwa rangi ya mbao ya spiriti, nyepesi, mara mbili, kabla ya mafuta. Kama ncha ya mkono wa mbele ni mpingo au jamii yake, ifute kwa asetoni na uipake shelaki nyepesi mara moja kwanza. Mafuta ya asili ya mpingo huzuia mafuta ya kupaka yasikauke. Sehemu nyingine itakuwa ngumu na ncha itabaki inanata wiki nzima.

Cha kupaka

Maseremala wetu wa vitanda na milango hupiga sila na klia (rangi ya kuziba vitundu na vanishi angavu) kwa pampu. Kwa kabati la sebuleni ni sawa. Kwa bunduki haifai: ngozi yake ni ngumu na haivumilii kugongwa, ikipasuka maji yanaingia chini yake na kuacha weupe, tena inang'aa kiasi cha kumulika porini. Wanyama wanaona mmweko huo mbali.

Mafuta ya kitani peke yake ni mazuri kwa macho na rahisi kurekebisha, lakini yanapitisha unyevu. Kwa uwindaji, mchanganyiko wa zamani wa sehemu tatu unafaa zaidi: sehemu moja mafuta ya kitani yaliyochemshwa, sehemu moja vanishi ya poliurethani ya mafuta isiyong'aa, na sehemu moja tapentaini. Mililita 100 za kila kimoja zinatosha kitako kimoja na akiba. Soma kopo vizuri. Mafuta yasiyochemshwa hukaa siku nyingi bila kukauka, na vanishi ya maji haichanganyiki na mafuta. Changanya kwenye chupa ya kioo, acha usiku kucha. Kikijitenga au kutengeneza mabonge, tupa. Mafuta ya alizeti hubaki yananata, ya nazi hayakauki kamwe, na oili ya injini hulainisha mbao shingoni.

Mikono miwili ya kwanza, yaani mara mbili za kwanza za kupaka, iwe nyepesi: chukua mililita 50 za mchanganyiko, ongeza 50 za tapentaini. Paka kwa ukarimu kila mahali, mbao ikunywe, na ongeza pale inapokauka haraka, hasa kwenye ncha. Baada ya dakika 20 futa yote yaliyobaki juu kwa fulana ya pamba. Fulana za mtumba za soko la Kilombero hapa Arusha, au za soko la Memorial kwa walio Moshi, zinafaa sana zikifuliwa bila sabuni ya kulainishia nguo. Acha saa 24. Arusha wakati wa baridi acha 48.

Mkono wa tatu na kuendelea tumia mchanganyiko wenyewe. Sasa unajaza vitundu vya walnati. Mimina kijiko cha chai, sugua kwa msasa wa maji namba 400 kwa miduara midogo mpaka upate tope la kahawia la mbao na mafuta. Liache tope litulie kwenye vitundu dakika 15, kisha lifute kwa kukatisha nyuzi, kidogo tu, ili lisitoke kwenye vitundu. Kesho yake litakuwa limeganda. Lipunguze kwa namba 400 kavu, ukifuata nyuzi, mpaka uone mbao. Rudia. Shikilia kitako juani kwa pembe: vitundu vilivyo wazi huonekana kama vijidoa vya giza, vilivyojaa havionekani. Kwa kawaida mara mbili au tatu zinatosha.

Kisha mikono minne hadi sita ya kumalizia, matone machache kila mara, yakisuguliwa kwa kiganja mpaka upate joto mkononi. Mkono ukihisi ute, umezidisha, futa. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni unene. Mkono mnene hukauka juu tu na kubaki mbichi chini, hukunjamana, na hunasa kila chembe ya vumbi. Kujua kama umekauka, pitisha namba 400 mahali padogo. Ukitoa unga mweupe, endelea. Msasa ukiziba na kunata, subiri siku nyingine. Ukiona vijiduara visivyoshika mafuta, kuna silikoni kutoka kwenye dawa fulani ya kung'arishia au ya kupulizia. Futa kwa tapentaini safi, paka shelaki nyepesi, kisha endelea.

Nakshi zipewe mchanganyiko mwepesi mara mbili tu, kwa mswaki, na ziada ifutwe papo hapo. Zikijaa hazishiki tena kiganja chenye jasho. Kama meno yameisha kabisa, kuyachonga upya ni kazi ya chombo maalum na mkono uliozoea. Kwa kuwa mistari huwa 18 hadi 24 kwa inchi, kosa moja linaonekana.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi mpaka kinashika moto, saa kadhaa baadaye, wewe umelala. Kila kitambaa kitandazwe nje kipande kimoja kimoja mpaka kikauke kigumu, au kitumbukizwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Karakana zimeungua kwa jambo hili.

Ndani na chini

Wakati nje inapata mkono wa tatu, ndani nako kupatiwe: mfereji wa mtutu, kitanda cha mashine, tundu la magazini na la triga, matundu ya skrubu, uso chini ya mpira wa begani. Ncha hizo zinakunywa mafuta mengi kuliko uso wa nje. Endelea kuzilisha mpaka zikatae. Ndani usijenge unene, maana kitanda cha mashine kina vipimo vyake. Paka, subiri dakika 20, kausha kabisa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Matundu ya skrubu yapakwe kwa kipamba cha masikio. Mikono mitatu inatosha ndani, minne chini ya mpira wa begani.

Mkono wa mwisho wa nje ukishafikisha wiki tatu, pitisha stilwaya laini sana ya namba 0000, siyo ile ya kusugulia sufuria, kufuata nyuzi, ili kuondoa mng'ao. Futa vumbi lake lote, chembe zake hushika kutu. Malizia na nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kijiko kimoja kwa kitako kizima, ukiisugua mpaka isiache alama ya kidole.

Kurudisha chuma

Kabla ya kukaza, hakikisha hakuna tone lililoganda kwenye kitanda. Hata kidonge kimoja chini ya mashine huikalisha upande. Weka mashine bila nguvu. Ikikataa kuzama, tafuta mahali panapong'aa kwa kugusana na upunguze kwa msasa. Kamwe usiivute ishuke kwa skrubu.

Simamisha bunduki mtutu juu na gonga kitako sakafuni kwa upole juu ya zulia, ili jino likae nyuma kwenye mbao. Kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, na ya kati kama ipo ifikishwe tu mpaka iguse. Kwa kitako cha mbao kisicho na nguzo za chuma (mirija ndani ya matundu ya skrubu), newtoni-mita 3 hadi 4 zinatosha, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Zaidi ya hapo unabonyeza mbao, na kesho zitalegea tena.

Kama mtutu wa bunduki yako umeundwa usiguse mbao, pitisha noti chini yake kutoka mbele mpaka karibu na chemba. Inapokwama ndipo mkono wa mbele unapogusa. Punguza hapo kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kisha paka mafuta mahali ulipopunguza, vinginevyo umefungua mlango wa maji tena. Bunduki nyingine hutengenezwa na shinikizo dogo karibu na ncha ya mkono wa mbele kwa makusudi. Ukikuta kilima cha mbao hapo, mfululizo pande mbili na sawasawa, kiache.

Baada ya hapo bunduki ipigwe shabaha upya kwenye uwanja unaoruhusiwa, maana haitakuwa ilipokuwa. Kaza skrubu tena baada ya risasi kumi za mwanzo, na tena baada ya wiki mbili porini, kwa kuwa mbao iliyotoka Arusha itasinyaa kidogo katika hewa kavu.

Ikiwa porini

Mvua ikinyesha, futa kitako kwa kitambaa kikavu na kiache kikauke kivulini. Kukiegemeza karibu na moto wa kambi kunakausha upande mmoja na kupasua. Kwenye maeneo ya mbung'o angalia dawa ya kufukuza wadudu unayojipaka: DEET, kemikali iliyomo katika nyingi ya dawa hizo, huyeyusha vanishi na plastiki. Nawa mikono kabla ya kushika bunduki, au mwombe rafiki akupake. Alama za vidole zinazonata kwenye shingo na shavu mara nyingi zimetokana na dawa hiyo.

Mkwaruzo mpya unaofika kwenye mbao upewe tone la mchanganyiko jioni hiyohiyo. Chupa ndogo ya mililita 20 inatosha safari nzima. Mara moja kwa mwaka ondoa nta kwa tapentaini, sugua matone kumi hivi ya mchanganyiko kwa kiganja, futa, na baada ya siku mbili rudisha nta. Toa na mpira wa begani kuangalia kama mbao chini yake imepauka, na upake ikihitaji.

Ukisafisha mtutu na mashine, tumia mafuta machache na ufute ya ziada. Kisha ihifadhi bunduki kabatini ikiwa mtutu chini, juu ya kipande cha kitambaa, kwa usiku wa kwanza, ili yaliyobaki yateremke mdomoni badala ya kurudi shingoni.